Maswali Sita Kabla ya Kupanda Mtumbwi



Wengi wenu mmekula samaki wa Vitshumbi, lakini si wengi waliofika kule. Ni kijiji cha wavuvi kwenye ukingo wa kusini wa Ziwa Edouard, katika wilaya ya Rutshuru, ndani ya mipaka ya Mbuga ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Mashamba hayaruhusiwi, kwa kuwa ni mbuga ya wanyama. Kuna ziwa, kuna viboko, kuna wale korongo wakubwa wenye upara wanaongojea matumbo ya samaki ufukoni. Anayeishi pale anaishi kwa wavu. Mitumbwi huondoka jioni, nyavu hulala majini usiku, na asubuhi samaki huuzwa palepale, franka mkononi.

Labda mnajiuliza kwa nini ukurasa wa afya wa watu wa mgodi unaanza na wavuvi. Ni kwa sababu kazi yao na yetu ni ndugu. Zote mbili zina usiku, zina hatari, na zina pesa inayofika kwa kijana kabla ya ndevu. Kijana wa miaka 15 aliyevuta wavu usiku kucha hulipwa asubuhi kama mtu mzima, lakini mwili wake ni wa mtoto. Amelowa, ana baridi, ana usingizi, ana franka, na kasiksi inauzwa karibu. Kama si kasiksi ni kanyanga, iliyo kali zaidi na isiyomchelewesha. Nani atamwuliza ana miaka mingapi? Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema mtoto ni kila mtu asiyetimiza miaka 18, lakini sheria haikai pale kwenye bidoni. Jioni kijana huyu anapanda tena mtumbwi. Akianguka majini akiwa amelewa, hata ufundi wa kuogelea aliojifunza tangu utoto hautamsaidia sana, na kiboko hamngojei mtu apate akili.

Najua jibu la wazee: kasiksi ni ya ndizi, babu zetu waliinywa na wakazeeka. Ni kweli kwamba waliinywa. Lakini ubongo wa mtu huendelea kukomaa mpaka karibu na miaka 25, na pombe haiwadhuru wote sawa. Mwaka 1997, huko Marekani, watafiti Grant na Dawson waliangalia watu wazima wengi na umri walioanza kunywa. Kati ya walioanza wakiwa na miaka 14 au chini yake, zaidi ya 40 kwa kila 100 walifika wakati fulani wa maisha yao kuwa watumwa wa pombe. Kati ya walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, walikuwa kama 10 tu. Hesabu hiyo haisemi kwamba kikombe cha kwanza ndicho kilichowafunga wote. Mtoto anayeanza mapema mara nyingi ana shida nyingine nyumbani. Lakini inatuonyesha ni nani wa kutafutwa kwanza.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Tutamjuaje? Mama anampeleka kijana dispensari kwa malaria au kwa jeraha la ndoano. Muuguzi anauliza, "Wewe, unakunywa pombe?" Mama yuko pembeni, baba mdogo yuko mlangoni, wagonjwa wengine wanasikia. Kijana anajibu hapana. Muuguzi anaandika hapana. Kila mtu ametimiza kazi yake na hakuna aliyejua kitu.

Katika nchi nyingine waganga wamejaribu njia ambayo ni rahisi kuliko jina lake. Wanamwachia kijana kompyuta ndogo au tableti, anajibu peke yake. Asiyesoma vizuri huvaa vipokea sauti masikioni, na mashine inamsomea swali. Mwaka 1998 huko Marekani walilinganisha vijana wa kiume wa miaka 15 hadi 19: waliosikia maswali kwa mashine walikiri mambo ya siri mara nyingi zaidi kuliko walioandika kwenye karatasi. Mashine haina uso. Haishtuki, haicheki, haimjui baba yako.

Jaribio lililo karibu zaidi na shida yetu lilitangazwa mwaka 2012. Lilifanywa katika zahanati za Marekani ya kaskazini-mashariki na za mji wa Prague, kwa vijana zaidi ya 2,000 wa miaka 12 hadi 18. Kijana alijibu maswali kwenye kompyuta, akaona palepale alama zake, akasoma kurasa chache juu ya madhara ya pombe na dawa za kulevya, kisha akaingia kwa munganga. Munganga alikuwa na majibu mbele yake, akazungumza naye dakika mbili au tatu. Ni hizo tu. Baada ya miezi mitatu, upande wa Marekani, vijana waliokunywa walikuwa chini ya 16 kwa kila 100. Kwa wenzao walioangaliwa kwa njia ya zamani walikuwa karibu 23. Baada ya mwaka mzima tofauti ilikuwa bado ipo. Prague pombe haikupungua, ila bangi ndiyo iliyopungua. Kwa hiyo asije mtu kutuambia kwamba mashine ni dawa inayofanya kazi mahali popote. Kila mahali lazima pajaribiwe.

Maswali yenyewe ni sita, na yalitungwa Boston mwishoni mwa miaka ya 1990. Nayaeleza kwa maneno yangu. La kwanza: umewahi kupanda gari ambalo dereva wake, hata kama ni wewe, alikuwa amekunywa au amevuta? La pili: unakunywa ili utulie, ujisikie vizuri au ufanane na wenzako? La tatu: unakunywa ukiwa peke yako? La nne: umewahi kusahau uliyoyafanya ulipokunywa? La tano: watu wa jamaa yako au marafiki wamekuambia upunguze? La sita: umeingia matatani kwa sababu ya kunywa? Mwenye "ndiyo" mbili au zaidi yuko hatarini na anahitaji mtu wa kukaa naye. Anayesema hajawahi kunywa kabisa huulizwa swali la gari tu, kwa sababu anaweza kufa kwa ulevi wa mwingine.

Vitshumbi swali la gari lingekuwa swali la mtumbwi, na la pikipiki zinazopandisha samaki kwenda Kanyabayonga na Kiwanja. Kwetu lingekuwa pia lori la kubeba mawe. Lakini tusidanganyane: swali likibadilishwa, alama zake lazima zipimwe upya kabla ya kuaminiwa. Hata kuhesabu kuna shida. Maswali mengine ya pombe huhesabu glasi au chupa. Kijana anayekunywa kikombe kinachozunguka kati ya watu sita atahesabu nini? Na swali la pili, lile la kunywa ili utulie, nadhani ndilo lingetoa majibu mengi, katika wilaya ambayo vita viliirudia mwaka 2022. Kijana aliyekimbia risasi anaweza kunywa ili apate usingizi tu. Huyo humwambii "acha" na kumfungulia mlango atoke.

Wengine watasema maswali haya ni mambo ya wazungu. Basi wajue kwamba Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza maswali yake kumi ya kupima ulevi wa watu wazima, yanayoitwa AUDIT, lilifanya kazi hiyo kwa wagonjwa wa nchi sita, na Kenya ilikuwa mojawapo. Ni huko Kenya pia ambako watafiti walitangaza mwaka 2020 jaribio la watu wazima 300 wa kituo cha afya cha vijijini. Waliokutwa na shida ya pombe walizungumza na mhudumu kwa simu, naye aliwasikiliza badala ya kuwagombeza. Baada ya mwezi mmoja walikuwa wanakunywa kwa kiasi kidogo kuliko wale waliokuwa bado wanangojea zamu. Walikuwa watu wazima, si watoto. Lakini simu ilikuwa ya kawaida, kama ile iliyo mfukoni mwako.

Ukosefu wa mtandao si kizuizi kikubwa. Programu kama Kobo, ambayo imetumika sana Kivu kwa kuuliza raia maswali, huhifadhi majibu ndani ya simu na kuyatuma mtandao unapopatikana. Umeme wa jua unatosha kuchaji tableti mbili. Kizuizi ni kingine, nacho kinatuhusu sisi wa kambi kuliko wavuvi.

Dispensari ya kampuni ni ya kampuni. Kijana wetu anajua hilo. Anajua pia kwamba nyumba tunayolala, masomo anayosoma na mshahara wa baba vinatoka mlango mmoja. Akifikiri kwamba majibu yake yatafika kwa shefu wa baba yake, ataiambia mashine kile alichomwambia muuguzi: hapana. Kwa hiyo siku tableti hiyo itakapoletwa kwetu, majibu yaonwe na muuguzi na munganga tu. Yasifike ofisi ya wafanyakazi, yasifike masomo. Na hapa nawageukia wazazi, mkinikasirikia mnisamehe: msidai kuonyeshwa majibu ya mtoto. Baba anayemngoja mwanawe mlangoni na mkanda mkononi ameharibu kazi ya mwaka mzima, kwa mtoto wake na kwa watoto wa jirani. Munganga atawaita ninyi wenyewe ikiwa maisha ya mtoto yako hatarini, na mtoto ataelezwa jambo hilo kabla ya kugusa mashine.

Katika zile dakika mbili au tatu, muuguzi hahubiri. Asiyekunywa anasifiwa, maana wengi hawajawahi kusifiwa kwa hilo. Anayekunywa anaulizwa pombe inampa nini na inamnyang'anya nini, kisha anaambiwa wazi kwamba kwa umri wake ni afadhali aache kabisa, na kwa nini. Kwa watoto wadogo zaidi, waganga wa Marekani wanashauri tangu mwaka 2011 kuanza na marafiki: je, wenzako wanakunywa? Mtoto husema ya wenzake kabla ya kusema ya kwake.

Kuna kijana mmoja ambaye dakika tatu hazimtoshi. Ni yule anayekunywa kila siku, na mikono inamtetemeka asubuhi kabla ya kikombe cha kwanza. Huyo msimfungie nyumbani ili aache kwa nguvu. Kuacha ghafula kunaweza kumletea kifafa na hata kifo. Apelekwe hospitali, aache chini ya macho ya munganga.

Na saa ya kuuliza nayo ina maana yake. Asubuhi Vitshumbi kijana yuko kwenye samaki, kisha kwenye kikombe, kisha amelala. Kama muuguzi anataka majibu ya kweli, amtafute saa tisa ya mchana, akiwa ameamka na kichwa chake kiko safi, nyavu zikiwa bado ufukoni na mtumbwi haujasukumwa majini.