"Desist from": Ni Kuacha, Kukoma au Kujiepusha?

Hebu simameni kidogo mbele ya ubao wa matangazo. Tuseme mmekuta maneno haya: "All Form Two students should desist from stealing bread." Wengi watapita wakidhani ni Kiingereza kizito tu cha ofisini. Kumbe hapo Kidato cha Pili kizima kimekwisha kuitwa wezi!

Kwa nini? "Desist" lina asili ya Kilatini, "desistere", yaani kusimama kando na jambo. Ndiyo sababu hufuatwa na "from", na kitenzi cha baadaye huishia kwa "-ing". Anayeandika "desist to steal" ameteleza. Sasa, mtu atasimamaje kando na jambo ambalo hakuwa ndani yake? Anayeambiwa "desist" huchukuliwa kuwa tayari anatenda. Kwa yule ambaye hajaanza, afadhali "refrain from".

Kiswahili nacho kinautambua mpaka huo. "Waache kuiba mkate" inawashtaki wote. "Wajiepushe na wizi" haimnyoshei yeyote kidole. Msimamizi wa mtihani akisema "Acheni kuandika!" hana kosa, maana kweli sote tulikuwa tukiandika (na wengine bado wanaendelea!). Lile tangazo la mkate mimi ningeliandika hivi: "Kila mwanafunzi achukue mkate wake tu." Aliyeiba atajijua.

Halafu kuna "koma", ndugu ya "kikomo". Anayesema "Nimekoma!" hasemi tu kwamba ameacha, anasema harudii tena ng'o. Hapa ndipo wanasheria wa Kiingereza wanapotumia maneno mawili kwa pamoja: "cease and desist". La kwanza, acha sasa hivi. La pili, usirudi huko. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1914 iliyounda Federal Trade Commission iliipa tume hiyo uwezo wa kutoa amri za jina hilo dhidi ya wafanyabiashara wanaoshindana kwa njia zisizo za haki. Aliyeamriwa hivyo akiacha Jumatatu na kurudia Ijumaa, amevunja amri, hata kama Jumatano yote alikuwa mpole kama kondoo.

Je, tutafsiri "acha na ukome"? Kwa maana, imeingia sawasawa. Kwa adabu, ati umwandikie mtu mzima "ukome"? Neno hilo ni la ugomvi, na mara nyingi huongezwa "kama ulivyokoma kunyonya". Wengine hukimbilia "sitisha" peke yake, lakini mapigano yaliyositishwa huweza kuanza tena kesho asubuhi. Katika barua rasmi mimi ningeandika: "Unatakiwa usitishe jambo hili mara moja na usilirudie tena." Ni maneno mengi kuliko ya Kiingereza, ndiyo, lakini hayatukani mtu.