Boti la zamani: rangi mupya haiponyeshi ubao

Sisi wa Luhwindja tuko watu wa milima. Ziwa tunakutana nalo Bukavu, siku ya kwenda Idjwi ao Goma, na boti tunalichagua kwa macho: likingaa, tunapanda. «Iko mupya!» Kumbe mara nyingi ni boti la zamani lililopakwa rangi juu ya rangi. Tangu Merdi kuzama karibu na Kituku, Goma, tarehe 3 Oktoba 2024, wasafiri wengi wanauliza uzito wa mizigo na jile. Ni vizuri. Lakini ubao, nani anauliza?

Ziwa Kivu liko karibu meta 1.460 juu ya bahari, na jua la huku ni kali. Njo linageuza ubao kuwa wa kijivu na kupasua verni. Maji yanapita mu ufa, yanabaki chini ya rangi, na hapo uozo unaanza. Ukipaka ingine juu yake, umefunga maji ndani.

Wenzetu wa pwani, Lamu na Zanzibar, wanangoja bahari ipwe, jahazi likae mchangani. Chini wanapaka deheni, yaani chokaa na mafuta ya mnyama. Juu wanapaka sifa, mafuta ya maini ya papa. Inanuka, ndiyo, lakini haifichi ubao.

Ziwa letu halipwi, basi boti livutwe inje. Lioshwe kwa sabuni na brosi, likauke kivulini siku kadhaa, likwanguliwe, kisha lipigwe karatasi ya emeri kwa kufuata nyuzi za ubao. Hapo usikimbilie rangi. Chukua kisu, chomachoma kando ya misumari, kwenye viungo, chini ya viti. Kisu kikiingia sawa mu ndizi, ubao huo unabadilishwa. Hauna dawa ya kupaka. Wengine wanapenda mafuta ya vidanji juu ni ya bure. Mimi siyataki: yanachafua maji ambamo watu wanachota na kuvua sambaza, na kisha rangi haishiki tena.

Mafuta ya kitani yanafaa zaidi, kidogo kidogo, kila tabaka ikauke kwanza. Hata milango ya mbao kule Luhwindja inatunzwa vile vile. Ila vitambaa vilivyolowa mafuta hayo visirundikwe: vinapata moto vyenyewe, vinaweza kuunguza nyumba. Vitandazwe inje mpaka vikauke.