Siku Tatu Katika Hoteli ya Kando ya Mto Dordogne

Wasomaji wengi wamesikia habari za Paris, mji mkuu wa Ufaransa, na mnara wake mrefu wa chuma. Lakini ni wachache waliopata kusikia habari za mashambani kwa Wafaransa, mahali penye vijiji vya mawe, mizabibu, na mito mipana iendayo polepole. Mimi nami nilikuwa miongoni mwa wasiojua, hata mwezi mmoja wa Septemba nilipolala siku tatu katika hoteli ndogo kando ya mto Dordogne. Jina la hoteli na la kijiji chake sitalitaja, kwa sababu kosa nitakalolieleza lilikuwa langu, wala si vema wenyeji wangu wasumbuliwe kwa ajili yake.

Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya utunzaji wa majalada katika mji wa Bordeaux, nikabakiwa na siku tatu kabla ya ndege yangu ya kurudi Nairobi. Rafiki mmoja wa mafunzoni akanishauri nisizimalize siku hizo madukani, bali nipande gari la moshi mpaka Sarlat, nikauone mto.

Mto Dordogne huanza katika mlima Puy de Sancy, katikati ya Ufaransa, ukateremka kuelekea magharibi mwendo wa kilometa zipatazo 480, mpaka unapokutana na mto Garonne chini ya Bordeaux. Reli ya Sarlat hufuata bonde lake kwa sehemu kubwa ya njia. Gari hupita katika mizabibu ya Saint-Émilion, kisha Castillon, mahali ambapo mwaka wa 1453 majeshi ya Ufaransa yaliwashinda Waingereza, na vita vilivyodumu zaidi ya miaka mia moja vikakoma. Mbele zaidi, ngome za Beynac na Castelnaud bado husimama juu ya majabali, kila moja upande wake wa mto. Zamani za vita hivyo zilitazamana kama maadui, lakini siku hizi watalii huzipiga picha zote mbili kwa saa moja.

Basi, siku ya safari nilichelewa kwa uzembe wangu, gari la kwanza likaniacha, nikafika hotelini saa tatu na robo usiku, nimechoka na njaa inaniuma. Mbele yangu walikuwapo mume na mke, Wafaransa. Walisemezana kidogo na bibi mwenye hoteli, wakacheka, wakapewa ufunguo, wakapanda ngazi. Zamu yangu ilipofika niliweka begi chini, nikasema kwa Kiingereza, "Nina chumba hapa. Jina langu ni hili."

Yule bibi, mwanamke wa makamo mwenye miwani kifuani, alinitazama akasema, "Bonsoir, monsieur," maana yake, "Habari za jioni, Bwana." Kisha akanyamaza. Nikarudia jina langu kwa sauti kubwa zaidi. Naye akarudia, "Bonsoir, monsieur," akangoja. Mwisho akanipa karatasi niandike jina, tarehe ya kuzaliwa, uraia na makao yangu. Nikakumbuka kwamba wale wawili walionitangulia hawakupewa karatasi yo yote. Nilipouliza habari za chakula, alinyosha kidole kuelekea saa ya ukutani. Jiko lilikuwa limefungwa saa tatu.

Nilipanda chumbani huku moyo unachemka. Baada ya muda mlango ukabishwa. Nilipofungua sikumwona mtu, ila sinia chini yenye mkate, jibini, kipande cha nyama baridi ya bata, na jozi, zile kokwa ngumu ambazo eneo lile limesifika kwazo. Nilikula vyote kwa hasira, nisimshukuru mtu. Kisha nikafungua daftari langu nikaandika, "Hapa mtu mweusi hatakiwi." Nikaazimu kuondoka alfajiri, ijapokuwa nilikuwa nimekwisha lipa fedha za siku tatu, nazo si haba kwa mshahara wa karani.

Asubuhi niliamka mapema. Ukungu ulikuwa umefunika mto wote, hata usingeweza kuona ng'ambo. Nilishuka na begi mkononi, nikaketi pembeni ninywe kahawa kwanza. Hapo ndipo nilipoanza kuona jambo. Kila mgeni aliyeingia katika chumba cha kulia alisimama kidogo mlangoni akasema, "Bonjour," kwa watu wote, hata wasiomjua. Nasi sote tuliokuwamo tulitazamiwa kuitikia. Hakuna aliyeketi kabla ya kusalimu.

Meza ya pili alikuwapo mzee mmoja Mwingereza, mwalimu aliyestaafu, ambaye huja hapo kila mwaka. Aliliona begi langu akaniuliza, "Unatuacha mapema hivi?" Nikamweleza yote, wala sikuficha neno. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja tu: "Je, ulimsalimu?"

Nikanyamaza. Sikuwa nimemsalimu.

Mzee akaniambia kwamba kwa Wafaransa, hasa wa mashambani, duka au hoteli ni kama nyumba ya mtu. Aingiaye na kueleza haja yake bila salamu huhesabiwa kuwa amemdharau mwenye nyumba. Bibi yule alikuwa akinipa nafasi ya kusahihisha kosa langu mara mbili, nami nikazitupa zote mbili. Na ile karatasi? Mzee akacheka. "Hata mimi huijaza kila nijapo. Sheria ya Ufaransa humtaka kila mgeni asiye Mfaransa ajaze, awe wa rangi yo yote."

Wasomaji, niliona haya kuliko nilivyopata kuona tangu utoto. Kwetu sisi mtu hawezi kuingia uani kwa jirani pasipo kupiga hodi, akangoja karibu, ndipo akaulize hali ya watu wa nyumbani, ndipo aseme lililomleta. Katika shule ya misheni niliyosoma, mtoto aliyesahau kumwamkia mkubwa alirudishwa nje aingie upya. Mimi niliyelelewa hivyo niliingia nyumbani kwa mtu usiku, nikadai ufunguo kama ninayedai deni. Sisemi kwamba ubaguzi wa rangi haupo Ulaya. Upo, na mtu akiuona asijidanganye. Lakini usiku ule nilihukumu kabla ya kusikiliza ushahidi, na kuuliza si ujinga.

Nikarudisha begi chumbani, nikashuka tena, nikasimama mbele ya bibi nikasema, "Bonjour, madame," kisha, kwa msaada wa mzee, nikamwomba radhi na kumshukuru kwa sinia. Uso wake ukakunjuka. Alisema kwamba alidhani mimi ndimi niliyechukizwa na nyumba yake, kwa kuwa sikumtazama hata mara moja, na ya kuwa naye hakulala vizuri. Basi watu wawili walikosa usingizi chini ya paa moja kwa ajili ya neno moja lisilosemwa.

Tangu saa ile nilipata kujua mengi. Alinionyesha ukutani, karibu na mlango wa jikoni, mistari iliyochorwa, kila mmoja na mwaka wake. Hiyo ni mipaka ya maji ya mafuriko, na mmoja wapo ulinipita kimo. Watu wa mto ule hula kwa mto na huogopa mto. Zamani mashua pana zilizoitwa gabare zilichukua mbao za mialoni za kutengenezea mapipa ya mvinyo kuteremka mpaka bandari za chini, na chumvi ikapandishwa juu. Mashua nyingine zilizotoka milimani hazikurudi kamwe. Zilipofika zilivunjwa na kuuzwa kuwa kuni na mbao. Reli ilipokuja katika karne ya 19 kazi hiyo ilikufa. Kisha, kati ya miaka ya 1930 na 1950, mabwawa makubwa ya umeme yakajengwa sehemu za juu, na mpaka leo ziko mbao za kuwaonya watu wasichezee ukingoni, maana maji huweza kupanda ghafula. Siku hizi mashua za namna ya zile gabare huchukua watalii. Mto haukuacha kulisha watu. Umebadili kazi tu.

Siku ya pili tulikwenda La Roque-Gageac, kijiji kilichobanwa kati ya mto na jabali kubwa. Mwezi wa Januari 1957 sehemu ya jabali hilo ilianguka, ikavunja nyumba na kuua watu watatu. Nyumba zilijengwa tena, na mgeni asiyeambiwa hawezi kujua.

Siku ya tatu nilifika katika jumba la Les Milandes, lililo juu ya mto huo huo. Hapo aliishi Josephine Baker, mwanamke mweusi aliyezaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1906, akapata sifa Paris kwa kucheza na kuimba, na wakati wa vita akawatumikia Wafaransa waliopinga utawala wa Wajerumani. Alinunua jumba hilo mwaka 1947, akalea humo watoto kumi na wawili wa mataifa mbalimbali, akafungua hoteli na mahali pa burudani. Lakini madeni yalimshinda, na mwaka 1969 akatolewa humo. Ipo picha yake akiwa ameketi nje ya mlango wa jikoni, amejifunika blanketi. Alikufa mwaka 1975. Na tarehe 30 Novemba 2021 Ufaransa ikampa heshima ya Panthéon, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Nilisimama pale mlangoni kitambo, nikiyafikiri niliyoyaandika katika daftari.

Kwa wale watakaopata nafasi ya kwenda, natoa shauri hili. Kwanza, uliza mapema saa ya mwisho ya chakula. Mashambani jiko likifungwa halifunguliwi. Pili, kama utachelewa, piga simu. Tatu, soma orodha ya vyakula na bei iliyobandikwa nje kabla ya kuketi. Malipo ya utumishi yamo ndani ya bei hiyo, na mkate na jagi la maji ya bomba havilipiwi mbali. Nne, uliza miezi ambayo hoteli hufungwa, kwa maana nyingi hufungwa wakati wa baridi. Tano, nalo ndilo kubwa kupita yote, salimu kwanza.

Jioni ya mwisho niliketi mezani pamoja na mzee na wageni wengine. Tulipokaribia kumaliza mchuzi, mkulima mmoja wa kijijini alimimina mvinyo kidogo katika bakuli lake, akautikisa na mabaki ya mchuzi, akanywa. Hiyo ni desturi ya kale ya watu wa huko. Bibi mwenye hoteli akaja kuketi nasi, akasema kwamba watoto wake wote wanaishi mjini, wala hajui ni nani atakayeishika nyumba hiyo akizeeka. Akatazama ile mistari ya ukutani. "Maji nayajua," alisema. "Hilo jingine ndilo linaloniogopesha."

Asubuhi nilipoondoka alinipa mfuko mdogo wa jozi kwa ajili ya mama yangu. Karatasi niliyoiandika usiku wa kwanza sikuichana. Mimi ni karani, na kazi ya karani ni kutunza kumbukumbu, hata za makosa yake. Iko katika jalada nyumbani, na chini yake nimeandika tarehe na maneno haya: "Sikupiga hodi."