Je, Wajua? Gobore huogeshwa kwa maji ya moto

Puge iko katikati ya barabara ya Nzega na Tabora, katika nchi ya Wanyamwezi. Karne ya 19, magobore yalifika huku na misafara ya pwani, yakibadilishwa kwa pembe za ndovu, na rugaruga, wapiganaji wa Mtemi Mirambo, wakayatia mabegani. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa lakini ukaacha mlango wazi kwa gumegume, gobore la kuwashwa kwa jiwe. Ndiyo kusema wakubwa walioutia saini waliliona gobore kama mzee asiye na meno.

Adui wa gobore ni baruti yake yenyewe. Baruti nyeusi ni shura, mkaa na kiberiti, na ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa. Hubaki masizi na chumvichumvi mtutuni, na chumvi hizo hunywa unyevu hata usiku mmoja wa masika. Ukipaka mafuta juu yake umeifunika kutu tu, ifanye kazi kwa utulivu.

Dawa ni maji, na ya moto ni bora: huyeyusha chumvi, tena chuma kikishapata joto hukauka upesi. Kitambaa hufungwa kwenye mdeki, kikaingia cheupe na kutoka cheusi tii, chenye harufu ya yai viza. Hurudiwa mpaka kitoke safi. Tundu la moto nalo huchokonolewa, kwani hapo ndipo kutu huanzia kimyakimya. Mafuta huja mwisho, mtutu ukiwa mkavu kabisa.