Nguo Zilizotiwa Fedha kwa Majani ya Mwarobaini: Zinafaa kwa Nini, na Hazifai kwa Nini?



Madukani hapa Uingereza, na zaidi katika maduka ya mtandaoni, huuzwa soksi, nguo za ndani, taulo na foronya ambazo lebo zake hudai kwamba zinaua bakteria kwa sababu zimetiwa fedha. Wakati mwingine huongezwa dai la pili: kwamba fedha hiyo imetayarishwa kwa majani ya mimea, na kwa hiyo ni ya asili na haina madhara. Fedha inayokusudiwa hapa ni madini, yale yale ya pete na vikuku, si pesa ya mfukoni. Na miongoni mwa mimea inayotumika ni mwarobaini, ambao wengi wetu tulikogeshwa kwa maji yake na kunyweshwa uchungu wake kabla hatujajua kusoma. Ndiyo sababu dai hili hutuingia moyoni kwa wepesi, na ndiyo sababu inafaa kulitazama kwa makini.

Jani hufanya kazi gani?

Katika maabara, majani huoshwa, huchemshwa katika maji safi, kisha huchujwa. Maji yaliyochujwa huchanganywa na maji yenye nitrati ya fedha, yaani chumvi ya fedha iliyoyeyuka, isiyo na rangi. Baada ya muda mchanganyiko hugeuka manjano, kisha hudhurungi, na rangi hiyo ni dalili kwamba chembe za fedha zimeanza kujitokeza. Viambata vilivyomo katika jani huirudisha fedha iliyoyeyuka katika hali yake ya metali, kisha huzizunguka chembe hizo ili zisigandamane. Chembe zenyewe ni ndogo mno. Upana wa unywele mmoja wa mtu ni takriban nanomita 80,000, ilhali chembe hizi kwa kawaida hazifiki nanomita 100.

Kazi hii si uzushi wa wauzaji. Mwaka 2003 watafiti wa Texas walieleza jinsi chembe za fedha zilivyojitokeza ndani ya miche ya alfalfa, na mwaka 2004 kundi la Murali Sastry huko Pune, India, lilitangaza njia ya kuzitayarisha kwa maji ya majani ya mwarobaini. Faida yake ni ya kweli, kwani jani huchukua nafasi ya kemikali kali ambazo zingehitajika kufanya kazi hiyo. Lakini jani hapa ni mpishi tu, na chakula ni fedha. Kinachoua bakteria katika kitambaa ni fedha ile ile, iwe imepikwa kwa mwarobaini au kwa kemikali ya kiwandani. Tena majani hutofautiana kwa msimu na kwa udongo, hivyo chembe za mkupuo mmoja huenda zisilingane na za mkupuo mwingine.

Kitambaa cha pamba huchovywa katika maji hayo, hukamuliwa na kukaushwa, na pengine hutiwa kitu cha kuzinatisha chembe. Kikipata unyevu, kwa mfano jasho, chembe huachia ioni za fedha kidogo kidogo. Ioni hizo huharibu utando wa bakteria na kuzishika protini zake, hata bakteria akashindwa kuendelea kuishi. Tabia hii ya fedha waganga waliijua zamani: mwaka 1881 daktari Carl Credé wa Leipzig alieleza jinsi matone ya nitrati ya fedha yalivyowakinga watoto wachanga na ugonjwa wa macho, na hata leo baadhi ya bandeji za hospitali zina fedha. Bandeji hizo, hata hivyo, huchaguliwa na mhudumu wa afya kwa kidonda maalumu na kwa muda maalumu.

Kufua hakukwepeki

Mwaka 2008 Troyan Benn na Paul Westerhoff wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walipima soksi za aina mbalimbali zilizouzwa kuwa na fedha. Baadhi zilipoteza karibu fedha yote katika mifuo minne, na nyingine zilipoteza kidogo sana. Mnunuzi hawezi kuzitofautisha kwa macho. Fedha inayotoka huenda na maji machafu, na nyingi yake huishia katika tope la mitambo ya kusafishia maji.

Kumbuka pia kwamba kipimo kinachotumika sana kwa vitambaa vya namna hii huwaacha bakteria juu ya kitambaa kwa saa 18 hadi 24 kabla ya kuwahesabu. Taulo la jikoni lililofuta maji ya kuku mbichi halipewi muda huo. Mtoto hulishika baada ya dakika tano. Kwa hiyo taulo, mashuka na nguo za ndani zifuliwe kwa nyuzi 60, au kwa nyuzi 40 pamoja na sabuni yenye bilichi, ziwe zina fedha au hazina. Zisiachwe zimelowa ndani ya mashine, na ukishika nguo chafu, nawa mikono.

Mwenye kisukari na soksi za fedha

Hapa ndipo penye hatari zaidi. Kisukari huweza kuutia mguu ganzi, mtu akajeruhiwa na kijiwe ndani ya kiatu asihisi lolote. Soksi iliyotiwa fedha huenda ikapunguza harufu. Haiponyi kidonda, wala haimwambii mwenye mguu kwamba kidonda kipo. Akiiamini, huacha kuutazama mguu, na kidonda kidogo kikapata wiki mbili za kukua kwa siri.

Anayetawadha huigusa miguu yake mara kadhaa kwa siku. Wakati huo unatosha kutazama nyayo na kati ya vidole, kisha kukausha vizuri kabla ya kuvaa soksi. Joto la maji lipimwe kwa kiwiko, si kwa mguu wenye ganzi. Asiyeweza kuinama atumie kioo au amwombe mtoto wake amtazamie. Ukiona kidonda, uvimbe, usaha, au ngozi iliyobadilika rangi, wasiliana siku hiyo hiyo na kliniki ya miguu au daktari wako wa familia. Wakiwa wamefunga, piga simu 111. Na usikose uchunguzi wa miguu wa kila mwaka.

Usijaribu nyumbani

Mwarobaini unapatikana, nitrati ya fedha huagizwa mtandaoni, na maelezo hayakosekani. Tafadhali usijaribu. Nitrati ya fedha huunguza ngozi, huiachia madoa meusi, na ikiingia machoni huweza kuyadhuru vibaya. Maji yenye chembe za fedha yasinyweshwe mtu, hata yakiuzwa kwa jina la tiba. Mwenye kuyanywa kwa muda mrefu huweza kugeuka ngozi rangi ya kijivu cha buluu, na rangi hiyo kwa kawaida haiondoki tena. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamua kwamba dawa za namna hiyo zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala kuwa na nguvu ya kutibu.

Kabla ya kununua

Nguo inayodaiwa kuua bakteria inatakiwa kisheria itaje kwenye lebo kiambata kinachofanya kazi hiyo. Ikiwa ni chembe za aina hii, neno «nano» liandikwe kando ya jina lake. Tafuta basi maneno «silver» na «nano». Kama hukuridhika, mwandikie muuzaji umuulize kitambaa kimetiwa nini. Anapaswa kukujibu ndani ya siku 45 bila malipo.

Ukitaka kuzungumza na daktari au mfamasia kuhusu haya kwa Kiswahili, omba mkalimani unapopanga miadi. Huduma hiyo hailipiwi, na hulazimiki kumleta mtoto wako akutafsirie.