Maziwa Yazuiwa Ng'ambo: Sisi Yanatuhusu Nini?

Tarehe 12 Aprili 2025 serikali ya Uingereza ilikataza wasafiri watokao nchi za Umoja wa Ulaya kuingia na nyama, maziwa, siagi au jibini, hata kama ni vya kula wenyewe. Maziwa ya watoto wachanga yaliruhusiwa kwa kiasi kidogo. Mama wa Handeni au Korogwe anaweza kuuliza: mambo ya Ulaya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu, tena sana.

Chanzo ni ugonjwa wa miguu na midomo. Tarehe 10 Januari 2025 uligunduliwa Ujerumani, karibu na Berlin, nchi ambayo haikuwa imeuona tangu mwaka 1988. Mwezi Machi ukaingia Hungaria na Slovakia. Waingereza hawajasahau mwaka 2001, ambapo wanyama zaidi ya milioni 6 walichinjwa ili kuukomesha. Virusi vyake husafiri ndani ya nyama na maziwa mabichi, ndiyo maana mipaka hufungwa haraka.

Kwetu ugonjwa huu si mgeni. Ng'ombe hutoa mate mengi, hupata malengelenge mdomoni, kwenye chuchu na kati ya kwato, huchechemea, na maziwa hupungua. Kwa kawaida haumdhuru binadamu, lakini huumiza mfuko wa mama. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inaruhusu karantini: mifugo haihamishwi na minada hufungwa. Mama anayetegemea lita chache za kila asubuhi kununua daftari na sabuni hushawishika kumficha ng'ombe mgonjwa. Tunaelewa uchungu huo. Hata hivyo, ukimficha, ugonjwa utamfikia jirani kwa kwato, kwa ndoo na kwa maji ya kunywesha, na karantini itakuwa ndefu zaidi. Mwite afisa mifugo mapema.

Lakini sisi wauguzi tuna neno jingine. Sheria za mipakani hulinda ng'ombe na biashara. Mtoto wako analindwa na sufuria yako. Maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe, na pia bruselosisi, ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba. Mtu mwenye bruselosisi hupata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, uchovu, na maumivu ya mgongo na viungo. Mama mjamzito naye anaweza kupoteza mimba. Wengi hudhani ni malaria na kumeza dawa ya malaria bila nafuu, kumbe tiba yake ni dawa za aina mbili kwa muda usiopungua wiki 6. Ukiona homa haiishi, mweleze mganga kwamba nyumbani mnafuga, au mnakunywa maziwa mabichi.

Basi tufanye hivi. Maziwa yote, ya kwetu au ya kununua kwa madumu barabarani, tuyachemshe mpaka yainuke, tukiyakoroga, kisha tuyafunike. Mtindi nao utengenezwe kwa maziwa yaliyochemshwa na kupozwa, kwa kuwa uchachu peke yake si kinga ya kutegemewa. Tunawe mikono na kuosha kiwele kabla ya kukamua. Ng'ombe akitupa mimba, tusishike kondo kwa mikono mitupu wala kuwatupia mbwa. Lifukiwe shimo refu, mbali na kisima. Na mtoto aliye chini ya miezi 6 atosheke na ziwa la mama yake.

Maziwa ya pakiti kutoka viwandani, kama kile cha Tanga Fresh kinachonunua kwa wafugaji wadogo wa mkoa wetu, yamekwisha kupitishwa kwenye moto. Ya kopo kutoka nje tuangalie tarehe ya mwisho, na kopo lisiwe limefunguliwa. Kwa sheria ya nchi, anayeingiza maziwa kwa biashara lazima awe na kibali.

Wako baba watakaosema kuchemsha huondoa utamu, na bibi watakaosema walikunywa mabichi wakaishi miaka mingi. Tuwajibu kwa upole na heshima, huku sufuria ikiwa jikoni. Kuni za dakika chache ni nafuu kuliko wiki 6 za dawa.