Ukarabati wa MV Liemba

Ukarabati wa MV Liemba ulikuwa kazi ya kuinua na kufufua meli ya Kijerumani iliyozamishwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1916. Kazi hiyo ilifanywa na Waingereza kati ya 1924 na 1927, na mashine za mvuke za meli hiyo zikawaka tena.

Asili ya meli

Meli iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikafungashwa katika makasha yapatayo 5,000 na kuletwa Dar es Salaam, kisha ikasafirishwa kuelekea Kigoma. Mafundi watatu wakiongozwa na Anton Rüter waliiunga upya, na ikashushwa majini Februari 1915.

Kuzamishwa

Majeshi ya Wabelgiji yalipoikaribia Kigoma, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe, tarehe 26 Julai 1916. Kabla ya hapo mafundi walewale walioiunga walipaka mashine zake grisi nzito, wakitarajia kurudi. Hawakurudi. (Filamu ya The African Queen ya mwaka 1951 inaonyesha meli ya Kijerumani ikilipuliwa, kisa halisi kina mvuto zaidi.)

Kutu huhitaji maji na oksijeni kwa pamoja. Grisi huzuia vyote viwili visifike kwenye chuma. Aidha, maji ya Ziwa Tanganyika yana chumvi kidogo mno yakilinganishwa na ya bahari, hivyo chuma huliwa polepole. Meli iliyozama Bahari ya Hindi kwa muda uleule ingeharibika zaidi.

Hatari kubwa huja wakati wa kuinua, maana chuma kilicholowa hukutana na hewa tele. Wavuvi wenye injini za kufunga nyuma ya boti wanalijua hili: injini iliyodondoka ziwani ikitolewa na kuachwa juani hata siku moja, huanza kushika kutu ndani. Dawa yake ni kufungua plagi mara moja, kumwaga maji yote, kutia mafuta ndani ya silinda na kuiwasha upesi. Bodi ya alumini haishiki kutu kama chuma, lakini ndani ya injini mna sehemu nyingi za chuma.

Kuinuliwa

Wabelgiji waliiinua meli kwanza, lakini ikazama tena katika dhoruba mwaka 1920. Waingereza waliiinua tarehe 16 Machi 1924. Baada ya kuondoa tope na grisi, walikuta mashine na boila bado zinafaa. Tarehe 16 Mei 1927 ilianza kazi tena ikiitwa Liemba, jina la zamani la ziwa hilo ambalo David Livingstone alilisikia upande wa kusini.

Matengenezo ya baadaye

Mashine za mvuke zilitumika hadi miaka ya 1970, zilipobadilishwa kwa injini za dizeli. Meli ilitengenezwa tena mwaka 1993 kwa msaada wa Denmark. Mwaka 1997 ilirudisha makwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo, na mwaka 2015 ilibeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Bodi lake ni lilelile lililotoka Papenburg.